Moto Si Dawa ya Nyigu

Sisi wana Chama cha Kiswahili ni watu wa ajabu. Kila tukiandika insha ya mapenzi, msichana hana budi kuwa na meno meupe kama theluji, macho ya gololi na kiuno cha nyigu. Nimezisoma insha hizo tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza, na kusema ukweli mimi mwenyewe nimeandika tatu. Lakini nyigu mwenyewe, mwenye hicho kiuno, akipita tu dirishani mwa darasa, mwandishi yule yule hupanda juu ya dawati akapiga mayowe kama aliyekanyaga chatu. "Muue! Muue bwana!" Viatu huruka, vitabu huruka, na mwalimu wa zamu akija huambiwa kwamba hatukuwa tunapiga kelele, tulikuwa tunapigania maisha yetu.

Wanachama wenzangu, mwaka huu sitaki kuandika juu ya kiuno. Nataka kuandika juu ya mwenye kiuno, na juu ya jinsi tunavyomfukuza nyumbani. Maoni yangu ni kwamba kwetu Uthiru watu wengi hawajui kuishi na nyigu wala hawajui kumwondoa. Tunalojua ni kumchoma moto. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sijasikia popote waliposema dawa ya nyigu ni moto.

Najua nitaambiwa, "Wewe unatetea wadudu kwa sababu hawajakuuma." La hasha. Nina sababu yangu, na iko nyumbani kwetu.

Tunaishi katika ploti iliyo nyuma kidogo ya barabara, vyumba kumi na viwili katika safu mbili zinazotazamana. Kuta ni za mawe, paa ni mabati, na ndani kuna dari ya ubao laini, au silingi kama tunavyosema mtaani. Yeyote anayeishi katika ploti za Uthiru, Kinoo au Kangemi anajua fundi alivyomaliza kazi pale juu. Mabati yana mawimbi, ukuta umenyooka, na kati ya hayo mawili hubaki nafasi. Kwetu nafasi hiyo inapita ngumi. Upepo wa Julai huingia hapo, panya huingia hapo, na baada ya mvua ndefu za mwaka jana nyigu nao wakaingia hapo.

Mama alianza kwa kuona mmoja akizungukazunguka balbu. Kesho yake wakawa wanne. Kaka yangu, ambaye amemaliza Kidato cha Nne na kwa hivyo anajua kila kitu, alipanda juu ya stuli nje ya dirisha akachungulia chini ya mabati. "Kiko hapa!" akasema. Kiota kilikuwa kama kisahani cha kikombe cha chai, rangi ya kijivu, kimening'inia kwenye kenchi kwa kijiti kimoja chembamba. Juu yake walijipanga nyigu wekundu wenye miguu mirefu, wametulia tuli wakitutazama.

Siku hiyo shosho alikuwa ametutembelea kutoka Ndeiya. Aliketi mlangoni akichambua maharagwe. Alipomwona kaka akifunga kitambaa kwenye mti wa mopu na kukitumbukiza ndani ya mafuta taa, alimwuliza anataka kufanya nini.

"Nawachoma, shosho. Dakika moja tu."

"Wacha hao wadudu. Wamekukosea nini?"

"Shosho, we tulia. Hii kazi ndogo."

Ilikuwa saa tisa za mchana, jua likiwaka. Kumbukeni saa hiyo, nitairudia. Kaka aliwasha kitambaa akainua mti. Kiota kilishika moto puu! kama karatasi, na kweli ilikuwa karatasi. Nyigu waliokuwa juu yake walianguka. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi, siwezi kukataa.

Lakini wengine walikuwa wameruka kabla ya moto kuwafikia, na wengine ndio kwanza walikuwa wanarudi kutoka kuwinda. Hawakuja nje tuliko sisi. Waliingia ndani kupitia ile nafasi ya fundi, wakatokea kwenye pembe ya silingi iliyopasuka, na chini ya pembe hiyo mama alikuwa anapiga pasi. Walimdunga mara tatu, kwenye kope, shingoni na mkononi. Tulimsikia akipiga ukemi. Kaka alishtuka, mti ukayumba, na ule mwali ukalamba ukingo wa ubao wa silingi kwa ndani. Moshi ukaanza kutoka mahali ambapo hakuna mkono ungefika.

Nyumba kumi na mbili, paa moja. Majirani walitoka mbio na makarai na mitungi. Bahati ilikuwa kwamba ilikuwa siku ya maji na mapipa yalikuwa yamejaa. Ingekuwa siku nyingine mngekuwa mnasoma tanzia. Moto ulizimwa kabla haujavuka kwenda chumba cha pili. Tulipogeuka kumtafuta mama tulimkuta ameketi chini, midomo imevimba na pumzi zinatoka kwa shida, zikipiga mluzi kama birika. Aliwekwa katikati juu ya pikipiki, jirani mmoja akimshika kwa nyuma, akapelekwa kituo cha afya. Huko walimpiga sindano bila kumwuliza maswali mengi. Muuguzi alimwambia kaka kwamba wangechelewa nusu saa, angekuwa anawaeleza habari nyingine.

Mama alipona. Alikaa siku nne bila kwenda kwenye biashara yake ya nguo, na siku nne ni chakula. Wiki iliyofuata keateka wa ploti alikuja kuangalia silingi, akaandika katika kijitabu chake kwamba gharama itakatwa kwenye dipoziti yetu. Kaka hakusema neno. Hata leo mtu akitaja nyigu, yeye hutoka nje kwenda kununua maziwa ambayo hayajaisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza juu ya hawa wadudu, na nimegundua kwamba tulikosea karibu kila kitu.

Kwanza, tunasema "nyigu" kana kwamba ni mmoja. Katika nyumba zetu huingia angalau wawili ambao tabia zao ni kama mbingu na ardhi. Wa kwanza ni yule wa udongo. Ni mweusi, miguu ina manjano, na kiuno chake ni chembamba mno hata unashangaa chakula hupita wapi. Huyo ndiye anayestahili zile insha zenu. Huishi peke yake. Jike huteka tope kwenye bomba linalovuja au kwenye dimbwi la kufulia, hulibeba kwa mdomo donge kwa donge, na hujenga vijumba kwenye ukuta, nyuma ya picha, au katika mikunjo ya pazia. Kwetu Uthiru vijumba hivyo ni vyekundu kwa sababu udongo wetu ni mwekundu. Ukisikia kitu kikilia zzzii juu ya kabati, ni yeye anapiga lipu. Kila chumba hukijaza buibui, na hao buibui hawajafa. Amewadunga wakapooza, wabaki wabichi. Hutaga yai moja, huziba mlango, huenda zake. Mtoto akianguliwa hukuta chakula kiko mezani. Mama huyo hapigani kwa ajili ya nyumba yake. Unaweza kusimama karibu naye ukamtazama akijenga, mradi usimshike kwa mkono.

Mimi nasema huyo hana kosa ila moja. Anapenda tundu lolote lililo tayari, na anaweza kuziba tundu la ufunguo, tundu la soketi, au bomba dogo la gesi. Msidhani hilo ni jambo la mchezo. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwa ndani wakafa. Kifaa cha kupima mwendo kilikuwa kimewadanganya marubani kwa sababu kijibomba chake kiliziba. Kijibomba chenyewe hakikupatikana, lakini wachunguzi walishuku sana kwamba aliyekiziba ni nyigu wa udongo, kwani ndege ilikuwa imeegeshwa siku kadhaa bila kifuniko. Basi ukiona tope kwenye soketi, zima umeme kwenye swichi kubwa na umwite fundi. Usichokore kwa msumari.

Wa pili ni yule wa karatasi, yule wa kaka yangu. Hutafuna mti mkavu, mlango wa zamani au nguzo ya ua, akauchanganya na mate yake, akatandaza karatasi. Mwaka 1719 mwanachuoni mmoja Mfaransa, Réaumur, aliwaambia wenzake kwamba nyigu wanatufundisha kutengeneza karatasi kwa miti. Wakati huo Ulaya ilitengeneza karatasi kwa matambara ya nguo. Gazeti hili mnaloshika sasa limetengenezwa kwa njia ya nyigu, na mhariri wetu asipoliondoa neno hilo nitafurahi.

Huyu wa karatasi hukaa na ukoo. Ana watoto ndani ya kile kiota, huwaletea viwavi waliotafunwa, na ukikitikisa kiota atakutafuta. Nyuki mwiba wake una miiba midogo kama ya chusa. Akikudunga hubaki kwenye ngozi naye hufa. Wa nyigu umelainika, kwa hivyo anaweza kukudunga, akauchomoa, akakudunga tena. Wanaodunga ni majike peke yao. Wavulana wa darasa letu wameniomba nisiliandike hilo.

Sasa turudi kwenye saa tisa mchana. Wakati huo jua limewapasha joto, wana nguvu, na nusu ya ukoo iko nje. Ukichoma kiota umewafukuza waliokuwemo na kuwakasirisha wanaorudi. Halafu mwali unapanda juu, na juu kuna mbao kavu, utando wa buibui, magazeti yaliyozibia upepo na nyaya za umeme zilizopita bila bomba. Kuna pia watu wanaochanganya mambo mawili: wanapuliza ile dawa ya kopo huku mwingine ameshika mshumaa ili waone vizuri. Yule kopo ana gesi inayowaka. Hilo ni bomu, jamani.

Namna iliyofaa niliiona kwa macho yangu miezi mitatu baadaye, nyigu walipojenga tena katika chumba nambari nne. Wanarudi, ndiyo, kwa sababu nafasi bado ipo. Fundi mmoja mzee anayekaa kwenye ploti alisema tungoje giza. Saa mbili za usiku, katika baridi yetu ya Uthiru, nyigu wote huwa wamerudi na wamezubaa. Alivaa koti la mvua, soksi juu ya suruali, na kitambaa shingoni. Kurunzi aliifunga kwa karatasi nyekundu, kwani macho ya nyigu hayauoni wekundu vizuri. Alikuwa na bomba la kupulizia dawa sukuma wiki, limesafishwa na kujazwa maji yenye sabuni nyingi. Kila mtu aliambiwa afunge mlango wake na azime taa. Kisha akapuliza, pole pole, akiwa amesimama pembeni na si chini ya kiota. Sabuni hufanya maji yawashike na kuziba matundu wanayopumulia. Hakuna aliyeruka zaidi ya mkono mmoja. Alikiangusha kiota kwa fimbo, akakikanyaga, akaosha mahali pale. Kazi yote haikufika robo saa, na hakuna aliyepiga makofi.

Kwa huyo wa udongo hakuna haja hata ya sabuni. Ngoja mpaka uone vijumba vina matundu ya mviringo. Hayo ni milango waliyotokea watoto. Hapo ni tope tupu, kwangua kwa kisu cha mezani.

Naye akiingia mmoja tu chumbani mchana? Wengi hunyakua taulo. Taulo ndilo linalomfanya akudunge. Yeye anatafuta mwanga. Zima taa, funga mapazia yote ila dirisha moja, fungua hilo dirisha, ukae. Mara nyingi hamalizi dakika tano. Akikataa, mfunike kwa bilauri akiwa kwenye kioo, pitisha karatasi ngumu chini yake, mtoe nje. Nimefanya hivyo bwenini mara mbili, na mara ya pili wenzangu waliacha kucheka.

Kuna jambo ambalo nataka kuwaomba walimu wa kemia wanisamehe. Wengi wetu tumefundishwa kwamba sumu ya nyuki ni asidi, kwa hivyo paka magadi, na ya nyigu ni besi, kwa hivyo paka siki au limau. Katika mtihani jibu hilo huleta alama, na mimi nitaliandika. Lakini ngozini halina kazi. Sumu imedungwa ndani, siki inabaki juu. Tena maumivu hayaletwi na asidi wala besi bali na protini na kemikali nyingine zilizomo. Jirani yetu alimpaka mama kitunguu, mwingine akaleta chumvi, wa tatu akataka kuweka mafuta taa, na dakika zilikuwa zinakwenda. Kwa mtu wa kawaida, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba. Kwa mtu anayevimba midomo au uso, anayekosa pumzi, anayetoka vipele mwili mzima au anayeona kizunguzungu, acha kitunguu. Ni hospitali, mbio, kwa sababu anahitaji adrenalini na haiko jikoni. Mtu aliyewahi kupata hali hiyo anaweza kuipata tena akidungwa siku nyingine. Mama anajua hivyo sasa, na ndiyo maana sisi hatuwezi kufanya mzaha.

Na mzaha upo, hata hapa shuleni. Mwaka jana kulikuwa na kiota juu ya dirisha la darasa moja, na wakubwa wakafanya mchezo wa kukirushia mawe wakati wa mapumziko. Aliyelenga alikuwa shujaa, na shujaa alijua njia ya kukimbilia. Aliyedungwa alikuwa mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa anapita na sahani yake ya githeri, hana habari. Jicho lilifumba siku mbili. Hakuna aliyekiri. Mimi nilimwona aliyerusha, nikanyamaza, na yeye anajua kwamba nilimwona. Nikiandika haya najua atasoma.

Baadhi yenu mtaniuliza kwa nini basi tusiwamalize wote, kwa sabuni au kwa chochote. Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wetu pia, maana yeye husema nyigu mzuri ni yule aliyekufa. Angalieni vijishamba vya sukuma wiki kandokando ya nyumba zetu. Nyigu wa karatasi hulisha watoto wake viwavi, na viwavi hao angewatoa wapi kama si kwenye mboga na maua yetu? Kule Kasarani kuna kituo cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambako wataalamu hufuga nyigu kwa makusudi. Walileta nyigu mdogo kutoka Pakistan mwaka 1991, wakamwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993, ili atage mayai ndani ya viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Mwaka 2002 waliachilia mwingine, aliyetoka Taiwan, Taita na pande za Limuru, apigane na kiwavi wa kabichi na sukuma. Hans Herren, Mswisi aliyekuwa mkurugenzi wa kituo hicho, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995 kwa sababu ya kazi aliyoianza Afrika Magharibi, ya kuokoa mihogo kwa kutumia nyigu kutoka Paraguay.

Ni kweli, na lazima niseme, nyigu hao wa icipe si wale wa silingi yetu. Ni wadogo kama chembe ya pilipili manga na hawadungi mtu. Simwambii mtu afuge kiota juu ya kitanda cha mtoto. Ninachosema ni kwamba kiota kilicho kwenye mti mwisho wa ua, mbali na mlango na mbali na njia ya watoto, hakijamkosea mtu, kama shosho alivyosema. Kilicho juu ya mlango kiondoke, usiku, kwa sabuni.

Lakini hata sabuni ni nusu ya kazi, na hili ndilo lililonikaa rohoni zaidi. Nyigu haingii nyumbani kwa uchawi. Anaingia kwa shimo. Shimo hilo halikutobolewa na mpangaji. Tulimwomba keateka afikishe habari kwa mwenye nyumba, naye akarudi na jibu: "Anasema hiyo ni maneno ya wadudu, si ya nyumba." Basi silingi ikiungua ni ya nyumba, inakatwa kwa dipoziti, shimo likibaki wazi ni la wadudu! Nimejaribu kuielewa hesabu hiyo nikashindwa. Kaka alikosa, na kosa lake tunalilipa. Lakini aliyeacha nafasi ya ngumi juu ya vichwa vya watu hamsini hajaulizwa hata swali moja, na kodi hupanda kila Januari.

Kuziba si kazi ya kujenga ghorofa. Kuna waya wa matundu madogo ambao mafundi huuita kofitrei. Hukatwa vipande, hukunjwa kufuata mawimbi ya mabati, hupigiliwa misumari kwenye ubao. Hewa inapita, nyigu hapiti, panya hapiti. Au simenti kidogo na vipande vya matofali. Wakati mzuri ni kabla ya mvua, kwa sababu mvua zikianza majike huwa tayari yanatafuta mahali. Ukiziba wakiwa wameshajenga ndani, umewafungia pamoja nawe, na watatafuta njia ya kutokea kupitia chumbani kwako. Kwa hivyo ondoa kwanza, ziba baadaye. Jambo hili tulilijua kwa taabu kwenye chumba nambari tisa, lakini mwenye chumba hicho ameniomba nisiandike yaliyompata.

Mwezi wa Februari wapangaji walichanga. Si wote, wawili walisema wao wanahama karibuni, na mmoja bado yupo. Fundi mzee alinunua waya, mimi na kaka tukashika ngazi. Kaka ndiye aliyepanda juu. Aliziba chumba chetu, akaziba vya majirani, mpaka waya ulipokwisha kwenye nambari saba. Keateka alikuja akasimama chini akitutazama, mikono nyuma. Alituuliza ni nani aliyetupa ruhusa ya kupigilia misumari kwenye nyumba ya wenyewe. Kaka alimwambia apande aangalie. Hakupanda.

Juu ya fremu ya mlango wetu sasa kuna vijumba vinne vya udongo mwekundu. Mama aliviona akaniuliza kama ni wale. Nikamwambia hapana, hawa ni wale wa buibui. Alivitazama kwa muda akiwa amesimama mbali kidogo, leso mdomoni. Vitatu vimezibwa bado. Kimoja kina tundu.